Minyororo ya Magurudumu: Yafaa Theluji, Je, Yafaa Matope?

Mzee mmoja wa Liwatoni, hapa Kisiwani Mombasa, aliletewa picha na mwanawe aliye Kanada. Yaonekana trekta ikisukuma theluji kutoka njia ya kuingilia nyumbani, na magurudumu yake makubwa ya nyuma yamefungwa minyororo. Mzee huyo ana shamba ng'ambo ya Likoni, na kila masika trekta yake hukwama bondeni. Akatuuliza: je, naye anunue minyororo?

Aliyepata kushuka pwani ya Liwatoni maji yakiwa yamekupwa, akakanyaga jiwe lenye mwani, ajua jinsi mpira unavyoteleza juu ya theluji iliyoshindiliwa. Injini ina nguvu tele, lakini gurudumu halina pa kushika. Mnyororo huiuma theluji kama kucha. Mmarekani Harry D. Weed, wa Canastota katika jimbo la New York, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1904. Yasemekana aliwaona madereva wakizungushia mipira yao kamba. Mtu wa pwani angalitumia kamba ya makumbi.

Katika matope mepesi yaliyo juu ya ardhi ngumu, minyororo yafaa sana. Katika mfinyanzi mzito hujaa tope upesi, gurudumu likawa duara tupu. Hapo uzito ndio msaada: mipira ya nyuma hutiwa maji kiasi cha robo tatu. Kanada huchanganya chumvi ya kalsiamu ili maji yasigande, gharama ambayo sisi tumesamehewa.

Minyororo ikishafungwa, endesha hatua chache, kisha ikaze tena. Ikilegea hupiga bamba la juu ya gurudumu na kulivunja. Kwenye lami ivue.

Lakini kuna jambo ambalo Mzee hakuliuliza, nalo ndilo kubwa. Trekta ikikwama, wengine hufunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma kwa mnyororo. Gogo likizuiwa na ardhi, gurudumu haliwezi kuzunguka. Nguvu ya injini huinua trekta yenyewe, pua juu, ikampindukia dereva kwa nyuma. Haichukui sekunde mbili. Hatari ni ile ile kwa anayefunga mzigo juu ya ekseli badala ya chuma cha kuvutia kilicho chini.

Ukikwama, jaribu kwanza kurudi nyuma. Chimbua tope, na ikishindikana ita trekta ya pili ikuvute polepole. Watazamaji wakae mbali, maana mnyororo ukikatika hurusha vipande. Trekta iwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, naye afunge mkanda.

Mzee tumemjibu hivi: atie maji mipirani kabla ya masika, fedha ya minyororo anunulie fremu, na bonde lile alilime udongo ukishakauka.