Fimbo ya Mbali: Uteuzi wa Kamera Ndogo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii inaeleza kwa ufupi kwa nini kamera kubwa ya bei ghali iliyofungiwa kabatini haimfai mtafiti wa nyanjani. Matini anayoyasaka mtafiti wa fasihi simulizi na isimujamii hayamngojei arudi nyumbani akaichukue. Leso yenye jina jipya hupita sokoni mara moja tu. Mkokoteni wenye maandishi ubavuni hukunja kona na kutoweka. Mzee aliyekataa kwa majuma mawili kuonyesha mswada wa marehemu babake hubadilisha nia alasiri moja akautoa sandukuni, na kesho yake huenda akajuta. Makala haya yanajadili uteuzi wa kamera ndogo inayoweza kubebwa kila mahali. Yanashikilia kwamba sifa zinazotangazwa sana madukani, yaani wingi wa pikseli na uwezo wa kuvuta vitu vya mbali, ndizo zenye uzito mdogo zaidi katika kazi hii.

Hasara ya kukosa kamera si ya kufikirika. Mapema mwaka 2004 zilianza kutekelezwa nchini Kenya kanuni za uchukuzi ambazo wananchi walizipa jina la waziri wa wakati huo, John Michuki. Pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, kanuni hizo zilidai kila matatu ipakwe mstari wa manjano ubavuni, na michoro na maandishi mengi yaliyokuwa yamepamba magari hayo yakafutwa. Michoro ilirejea baadaye, hususan baada ya mwaka 2014, lakini maandishi yaliyorejea si yale yaliyoondoka, kwani misimu ya Sheng hupitwa na wakati upesi. Anayetaka leo kulinganisha lugha ya matatu ya vipindi hivyo viwili hutegemea picha za watu wachache waliokuwa na kamera mfukoni siku zile, tena aghalabu kamera za filamu yenye nafasi 36 pekee, ambapo kila picha iligharimu pesa ya kusafishwa.

Kisanduku na Kilicho Ndani Yake

Wazo la kamera ya mfukoni ni kongwe. Mwaka 1912 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya kukunjwa iliyokusudiwa mfuko wa kizibao. Mwaka 1925 iliuzwa Leica ya kwanza, iliyobuniwa na Mjerumani Oskar Barnack, ambaye alitwaa filamu ya sinema ya milimita 35 na kuifanya itumike katika kisanduku kinachoshikika kwa kiganja. Mjapani Yoshihisa Maitani aliiunda Olympus XA ya mwaka 1979 ikiwa na kifuniko cha kuteleza, ili isihitaji mkoba wala kizibo cha lenzi. Leica na Olympus hiyo zinafanana katika jambo moja muhimu: wabunifu wake walipunguza kisanduku bila kuipunguza picha iliyo ndani yake. Kila fremu ilibaki na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24.

Kamera za kidijitali zilipoenea, watengenezaji walifuata njia ya kinyume. Badala ya filamu kuliwekwa kipande cha silikoni kinachopokea mwanga, nacho ndicho kilichofinywa. (Baadhi ya waandishi hukiita sensa, istilahi yenye utata kwa kuwa neno hilo tayari limekabidhiwa kazi ya kuhesabu watu, makala haya yanatumia kihisio.) Katika kamera nyingi ndogo za miaka ya 2000 na baadaye, kihisio kilikuwa na upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4.6, yaani takriban sehemu moja kwa 30 ya eneo la fremu ya filamu ambayo baba wa mtumiaji aliipigia picha za arusi. Matokeo yalionekana kila jua lilipotua. Kihisio kidogo hukusanya mwanga haba, na kamera inapojaribu kuufidia, picha hujaa chembechembe na sura za watu hupoteza umbo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe idadi ya pikseli bali ukubwa wa kihisio. Hapa pana mtego wa kiisimu. Kihisio kinachoitwa cha inchi 1 kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, na hata mtu akikipima kutoka pembe hadi pembe hapati inchi hiyo. Jina lilirithiwa kutoka kwa mirija ya kamera za televisheni za kale, ambapo inchi ilipima kipenyo cha nje cha mrija wenyewe. Wanafunzi wa semantiki watatambua hapa neno lililosalia baada ya kirejelewa chake kufa. Hata hivyo, jina likiwa la uongo, faida yake ni ya kweli: eneo la kihisio hicho ni takriban mara nne ya kile kidogo. Sony RX100 ya mwaka 2012 ilikiingiza katika kamera yenye unene usiozidi milimita 36 na uzito wa gramu 240, na kampuni nyingine zikaufuata mkondo huo. Ricoh GR ya mwaka 2013, na GR III ya mwaka 2019 yenye gramu 257, zilikwenda mbali zaidi kwa kutumia kihisio chenye eneo la mara tatu ya hicho cha inchi 1, lakini kwa sharti kwamba lenzi isivute kitu karibu hata kidogo.

Kuhusu pikseli, hesabu fupi inatosha. Ukurasa mzima wa A5, ukichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji pikseli zisizofika milioni 5. Ukurasa wa A4 hauhitaji milioni 9. Kamera zote zilizotajwa katika aya iliyotangulia zinapita kiwango hicho kwa mbali.

Lenzi na Mwanga wa Jioni

Lenzi hupimwa kwa alama ya f. Tarakimu ikiwa ndogo, tundu la mwanga huwa kubwa: lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba katika kamera ndogo zenye lenzi ya kuvuta, tundu hilo hupungua kadiri lenzi inavyonyooshwa. RX100 ya kwanza huanza na f/1.8 na kuishia f/4.9, hivyo anayevuta taswira hadi mwisho hupoteza zaidi ya sehemu sita kwa saba za mwanga. Wakati wa mchana hasara hiyo haionekani. Katika ngoma ya usiku inayomulikwa kwa taa moja ya karabai, mikono ya wapigaji hugeuka ukungu. Flashi hailitatui tatizo hili. Mwanga wake hufika hatua chache tu, huwababaisha wachezaji, na humgeuza mtambaji kutoka kwa hadhira yake akamtazama mpiga picha. Kwa mwanafunzi aliyefunzwa kwamba fasihi simulizi huishi katika utendaji, kifaa kinachouvuruga utendaji wenyewe ni kifaa kibovu, hata kikitoa picha safi namna gani. Heri kusogea hatua tatu mbele kwa idhini ya wenye shughuli kuliko kunyoosha lenzi kutoka mbali.

Miswada ina mahitaji tofauti. Lenzi pana, hasa karatasi ikipigwa kwa ukaribu mno, hupinda mistari iliyonyooka na kuyavuta maandishi ya kingoni. Katika kamera ya kuvuta, lenzi iwekwe katikati ya uwezo wake, karatasi ilazwe kando ya dirisha mwanga ukiingia kwa ubavu, na mpiga picha arudi nyuma kidogo. Kwa kazi hii kamera ya inchi 1 inaipiku Ricoh. Kwa maandishi ya barabarani na ngoma ya usiku, Ricoh inashinda. Mtafiti anayevuka maji kwa mashua kila siku ana udhuru wa kuchagua kamera isiyoingiza maji, kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019 inayostahimili kina cha mita 15, japo kihisio chake ni kile kidogo. Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 husifiwa sana, na kwa haki. Ila gramu zake 521 zimekwisha kuitoa mfukoni na kuitia mkobani.

Mbona Isiwe Rununu?

Pingamizi la wazi ni kwamba kila mtafiti tayari ana rununu. Soko lenyewe limetoa hukumu: kwa takwimu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, kamera zenye lenzi isiyobanduka zaidi ya milioni 100 zilitoka viwandani mwaka 2010, na mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Ni kweli pia kwamba rununu nzuri ya leo inaishinda kamera yenye kihisio kidogo, kwa kuwa programu yake huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Hakuna sababu ya kununua kamera ya aina hiyo, isipokuwa ile ya majini.

Lakini programu hiyo haipokei tu, hukisia. Hulainisha mahali na kunoa kingo mahali pengine. Usoni mwa mtu jambo hilo halina madhara makubwa. Katika mswada wa hati za Kiarabu, ambamo nukta moja, mbili au tatu ndizo zinazotenganisha be, te na the, mtafiti anahitaji taswira ambayo haikuguswa. Kamera kama RX100 na GR huhifadhi faili ghafi, yaani mwanga ulivyopokelewa kabla ya kurekebishwa. Baadhi ya rununu nazo huweza, mwenyewe akijua kuziamuru. Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi: rununu hiyo ndiyo inayonasa sauti ya mtambaji, na haifai kuinuliwa mezani katikati ya utenzi.

Udogo huu una hatari yake, kwani kamera isiyoonekana huweza kugeuka kamera ya siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nchini Kenya inaitambua picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Hata kabla ya sheria hiyo, adabu ya Waswahili ilikuwa imekwisha kulikataza jambo hilo, seuze katika ngoma za wanawake zisizoingiwa na macho ya nje. Idhini iombwe kamera ikiwa mkononi, ikionekana.

Wakati wa Kununua

Kwa kuwa bei ya kamera mpya huwalemea wanafunzi wengi, zilizokwisha kutumika ndizo hununuliwa zaidi. Lenzi inayochomoza iwashwe na kuzimwa mara kadhaa, na ikikwaruza, iachwe. Kisha ukuta mweupe upigwe picha tundu likiwa dogo kabisa. Madoa yanayojitokeza mahali palepale katika kila picha ni vumbi lililoingia ndani, na kwa kuwa lenzi haibanduki, halifutiki bila fundi kuifungua kamera. Anayefanya utafiti katika barabara za vumbi aichukulie ila hiyo kwa uzito, na kamera ikae katika kijaluba cha kitambaa, si mfukoni pamoja na sarafu na funguo. Betri ya pili ni lazima, maana GR III hupiga takriban picha 200 tu kwa chaji moja. Mwisho, saa ya kamera iliyokaa muda mrefu bila betri hurudi mwanzo. Irekebishwe kabla ya safari, kwa sababu picha 300 za arusi mbili na matanga moja, zote zikiwa na tarehe moja ya uongo, hazipangiki upya kwa kumbukumbu.