Kumfufulia Baba Motokari ya Zamani

Porsche 356 ni motokari ndogo ya mbio iliyoanza kuundwa mwaka 1948. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo, si kwa maji.

Mwana akitaka kumfufulia baba yake motokari ya namna hii nyumbani, hapa Bukavu, asianze na rangi. Wengi hufanya hivyo, nao hujidanganya. Aanze na breki, kwa kuwa njia za Bukavu huteremka kwa ukali mpaka Ziwa Kivu. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani. Yakizeeka, huchemka upesi breki zipatapo moto. Ndipo mguu wa baba hukanyaga bure. Basi yatolewe yote, yatiwe mapya.

Injini iliyokwama kwa kutu isilazimishwe. Plagi hufunguliwa, mafuta kidogo hutiwa katika matundu yake, nayo huachwa siku kadhaa. Kisha huzungushwa kwa mkono, polepole.

Bado kabureta. Bukavu iko kadiri ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa pwani hutia petroli kupita kiasi: motokari hutoa moshi mweusi na kupanda kilima kwa shida. Fundi huweka kijitundu cha petroli kilicho chembamba zaidi.

Rangi ingoje kiangazi, Juni mpaka Agosti, maana haishiki vema juu ya chuma chenye unyevu.