Usukani Ukinuka, Fuata Vumbi

Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekolea, Kolwezi yote huwa na rangi moja. Vumbi jekundu hutua juu ya miembe, juu ya mabati, hata juu ya mikate ya mama auzaye kando ya njia. Msimu kama huo nilikuwa nageuza gari mahali pembamba karibu na Kingamyambo, nikasikia harufu kali, kama mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa motoni. Ilipanda kila nilipokata usukani hadi mwisho, ikatulia niliponyoosha. Fundi niliyemwendea hakuuliza mengi. Alisema tu: "Papa, zima motere kwanza."

Alikuwa na haki ya kuharakisha. Magari mengi ya mkoa wetu bado yana usukani wa mafuta, aina iliyoingia sokoni mwaka 1951 kwenye gari la Chrysler. Injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu husukuma mafuta kwa mpira mnene hadi kwenye reki, ile ambayo mafundi wetu huiita kremayeri. Na hapo mafuta hukusaidia kusukuma magurudumu. Ukikata usukani hadi mwisho, magurudumu hayana tena pa kwenda, lakini pampu haijui hilo. Shinikizo linaweza kupita mara thelathini ya lile la upepo wa tairi, kisha vali ya usalama hufunguka na mafuta yakaanza kuzunguka ndani ya pampu yenyewe, yakipata moto kwa sekunde chache. Ndiyo maana usishikilie usukani mwisho kwa zaidi ya sekunde tano.

Mafuta yaliyochemka mara nyingi huungua polepole. Hewa huungana nayo, chembe zake ndefu hukatika vipandevipande, na vile vipande vidogo ndivyo vinavyopaa hadi puani kwa ukali ule. Rangi nyekundu hugeuka kahawia, kisha nyeusi. Lakini harufu inayotisha zaidi ni ya mafuta yaliyovuja na kudondokea bomba la moshi. Mafuta ya usukani hutoa mvuke unaoweza kushika moto yakifika karibu nyuzi 200, na bomba hilo, pale linapotoka kwenye injini, hupita joto hilo bila shida.

Hata hivyo, katika mji huu pua haiaminiki peke yake. Viwanda vya hapa huyeyusha madini kwa asidi ya salfa, na kuna siku upepo huleta harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Dereva akadhani gari lake linaungua. Harufu ya yai bovu ni kitu kingine: mara nyingi ni betri inayochajiwa kupita kiasi. Utamu kama wa sharubati ukitokea kwenye matundu ya hewa karibu na usukani, ni maji ya rejeta yenye dawa yanayovuja. Plastiki inayoungua hutokana na waya, hasa kwa mtu aliyeongeza taa kubwa bila kubadilisha swichi. Mpira unaoungua pamoja na mlio wa kukwaruza ni mkanda unaoteleza. Tena pua huzoea upesi. Baada ya dakika chache dereva hasikii tena kitu, kwa hiyo mwombe mtu aliyetoka nje aingie, anuse badala yako.

Fundi wangu hakunusa sana. Alifunua boneti akamulika mipira kwa tochi ya simu. Mpira mmoja ulikuwa na vumbi kavu, jepesi, ungeweza kulipuliza kwa mdomo. Wa pili, ule wa shinikizo kubwa, ulikuwa na tope jeusi shingoni, nene kama ugali wa jana. "Vumbi halidanganyi," alisema. "Pakavu hupita, penye mafuta hukaa." Akapangusa kwa kitambaa, akawasha injini, akazungusha usukani mara kadhaa, akazima. Tone jekundu lilikuwa limekwisha kujitokeza.

Vumbi hilo linaloonyesha ugonjwa ndilo pia huuleta. Kingamyambo na bonde la Musonoi vilipokea mabaki ya kiwanda cha kuchenjua madini tangu miaka ya 1950, zaidi ya tani milioni 100 za mawe yaliyosagwa kama unga; tangu 2018 kampuni ya Metalkol inayafukua tena kutafuta shaba na kobalti. Chembe ngumu za aina hiyo, ziwe za mabaki au za barabara, zikiingia kwenye mpira wa mikunjo uliochanika mwishoni mwa kremayeri, huchanganyika na grisi zikawa kama dawa ya kunolea. Hukwaruza chuma, kisha hukata sili, na mafuta yakapata njia.

Kuna jambo jingine la kwetu. Serikali ya Kinshasa iliwahi kutangaza marufuku ya kuingiza magari ya usukani wa kulia, na mengi yamehamishiwa usukani upande wa kushoto kwenye gereji. Ukiwa na gari la namna hiyo, angalia mpira wa mafuta unapita wapi. Nikiulizwa, nitasema huo ndio ukaguzi wa kwanza, maana mpira uliopindishwa karibu na bomba la moshi hautadumu.

Kuongeza mafuta kila wiki si kutengeneza. Badilisha mpira au sili, toa mafuta ya zamani yote, weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari, kisha zungusha usukani taratibu huku na huku ili hewa itoke. Usitie mafuta ya breki: hulainisha na kuvimbisha sili za usukani, na kazi yote ikarudi mwanzo. Pampu ikifa njiani usukani bado utageuka, ila utakuwa mzito kama jiwe.

Kwa hiyo ukisikia harufu ya mafuta yanayoungua kwenye njia ya Likasi, malori ya shaba na ya asidi yakikupita, usijipe moyo kwamba utafika. Egesha, zima injini, subiri ipoe, kisha mulika ile mipira utafute tope.