Kuacha Pombe: Njia Si Moja

Vikundi vingi vinazijua hatua 12 za A.A., zilizochapishwa Marekani mwaka 1939. Mtu anakiri kwamba pombe imemshinda, anajiweka mikononi mwa Mungu. Wengi wamepona hivyo. Lakini yuko anayekuja mkutanoni mara mbili, halafu harudi. Huyo tusimkatie tamaa.

Tangu miaka ya 1990, huko huko Marekani, kuna mpango mwingine uitwao SMART Recovery. Hapa mtu anaandika faida na hasara za kunywa kwake, kisha anachunguza hamu humjia wapi na saa ngapi. Kama ni siku ya malipo ya majani chai, basi anapanga mapema: apitie njia gani, pesa ashike nani. Hamu hupanda, na asipokunywa hushuka yenyewe. Daftari moja latosha kikundi kuanza.

Ila jambo moja, tafadhali. Anayekunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka, msimwambie aache ghafla akiwa nyumbani. Anaweza kushikwa na kifafa, hata afe. Aende hospitali kwanza, kuna dawa za kumsaidia. Kikundi kichague wa kumsindikiza.