Kabla hujamlipia mwanao kozi ya lori au basi: macho, kifafa na usingizi

Mkazi wa Mgololo hahitaji kuelezwa lori ni nini. Magogo yanapita kila siku kutoka kwenye mashamba ya miti, karatasi zinatoka kiwandani kwenda Dar es Salaam, na watoto wanakua wakijua sauti ya semi inayopanda mlima ikiwa na mzigo. Siku mwanao atakapokuambia anataka kuwa dereva, huenda utauza nguruwe au magunia ya mahindi ili upate ada. Mama, kabla hujauza, mpeleke kwanza akapimwe afya.

Tunasema hivyo kwa sababu safari yenyewe ni ndefu na ina gharama. Anaanza na leseni ya kujifunzia, ile inayoitwa lena, halafu daraja D la gari dogo. Akikaa na D miaka 3 ndipo anaweza kuomba daraja E la magari ya mizigo, au C1 la mabasi ya abiria 15 hadi 30. Basi kubwa la abiria 30 na zaidi ni daraja C, ambalo linataka awe na C1 au E kwa miaka 3 mingine, pamoja na cheti cha kozi ya magari ya abiria kutoka chuo kinachotambuliwa, kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Ukihesabu vizuri, kijana aliyepata D akiwa na miaka 18 hafiki kwenye basi kubwa kihalali kabla ya miaka 24. Miaka yote ambayo utingo amekuwa "akiibia" usukani wa bosi wake haihesabiki hata mmoja, na inaua watu.

Kwa hiyo ni uchungu kugundua mwaka wa 5 kwamba macho hayafai, wakati kipimo kingefanyika mwanzoni kabisa.

Macho

Anayefinya macho ili asome ubao, anayekaa karibu mno na televisheni, au anayeshindwa kusoma bango la basi hadi lifike mbele yake, huenda haoni vizuri mbali. Mara nyingi miwani inamaliza tatizo, na kuvaa miwani hakumzuii mtu kuwa dereva. Kwenye ukungu wa Mufindi asubuhi, dereva asiyeona mbali analiona lori lililoharibika barabarani akiwa ameshachelewa kukanyaga breki.

Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani. Hali hii huwapata zaidi wavulana, na kwa kawaida hurithiwa kupitia kwa mama ambaye yeye mwenyewe anaona rangi zote sawasawa. Hakuna wa kulaumiwa. Mwombe mpimaji amjaribu rangi pia.

Kifafa

Hili ndilo familia nyingi hulificha, na tunaelewa kwa nini: maneno ya majirani yanauma. Lakini mtu mwenye kifafa hapaswi kushika usukani wa basi wala lori, hata kama anguko la mwisho lilikuwa zamani na anameza dawa vizuri. Sekunde chache za kupoteza fahamu kwenye mteremko wa Kitonga zinatosha kumaliza basi zima. Ukinyamaza, unamweka hatarini yeye kwanza.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako nguruwe hufugwa sana na wengine huachwa wazurure, baadhi ya vifafa vya ukubwani husababishwa na mayai ya tegu la nguruwe. Mtu huyameza kupitia mikono, maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, na vifuko vya minyoo hukaa kwenye ubongo. Si uchawi, na dawa za kuzuia degedege zipo. Kijana aliyeanguka hata mara moja apelekwe hospitali, na asiache dawa ghafla ili "apite" kipimo cha udereva. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta maanguko mfululizo yanayoua. Kama ndoto yake ni magari, kwenye usafirishaji kuna kazi zisizo na usukani: stoo, kupanga mizigo, kukata tiketi.

Shinikizo la damu na kisukari havimzuii kila mtu. Vinataka kupimwa na kudhibitiwa, na anayechoma insulini azungumze na daktari kwanza, kwa kuwa sukari ikishuka ghafla akiwa njiani anaweza kuzimia.

Usingizi

Hapa ndipo wewe uliye nyumbani una nguvu kuliko mwajiri. Mabasi yalipoanza tena kuruhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, madereva wengi zaidi walianza kulala mchana. Mwili haupendi hivyo. Usingizi huwa mzito kuliko wakati wote kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na hurudi kidogo kuanzia saa 8 mchana. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliyekunywa pombe. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kusinzia sekunde 3 tu ni zaidi ya mita 60 bila dereva.

Safari ya basi inayozidi saa 8 inatakiwa kuwa na madereva wawili. Mwulize mwanao au mumeo kama kweli wako wawili. Swali la nyumbani humfikia mtu pale ambapo tangazo halifiki.

Anaporudi kutoka safari, mpe saa 7 au 8 za kulala kwenye chumba chenye giza. Watoto wacheze nje, simu izimwe, na wageni wasubiri. Kuni zitapasuliwa baadaye. Akiwa njiani, kulala dakika 15 hadi 20 mahali salama pa kuegesha kunasaidia kuliko muziki mkubwa au dirisha wazi. Mirungi huficha uchovu tu, nayo ni kosa kisheria. Kama anakoroma sana, pumzi inakatika usingizini kisha anashtuka, na mchana anasinzia, hiyo ni hali inayotibika. Wewe unayelala jirani yake ndiye utakayeiona, kwa sababu yeye haisikii.

Angalia pia sanduku la dawa. Piritoni ya mafua na baadhi ya dawa za maji za kikohozi huleta usingizi. Asimeze kabla ya safari bila kumwuliza mfamasia, akitaja kazi yake.

Na kama anatumia ARV, anaweza kuendelea kuwa dereva. Dawa ikimpa kizunguzungu au ndoto nzito, arudi kliniki abadilishiwe. Foleni ya malori Tunduma inaweza kugeuza safari ya siku 3 kuwa wiki nzima, hivyo mfungashie dawa za siku nyingi kuliko anazotarajia, aziweke kwenye begi lake mwenyewe na si kwenye droo ya gari ambalo kesho anaweza kupewa dereva mwingine.