Kabla ya kununua tairi ng'ambo, soma namba ya ubavuni

Mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, yaliwaacha wengi wakizitamani zile baiskeli nyepesi zenye matairi membamba. Wanaume walizunguka nazo kilomita 267.5 za lami na mawe ya kupangwa. Lakini mfanyabiashara anayeikuta moja katika mitumba asiharakishe kutoa pesa. Baiskeli ile ilitengenezwa kumbeba mtu mmoja, si mtu pamoja na gunia la mahindi.

Zamani wakimbiaji wa lami walitumia tairi la milimita 23. Leo milimita 28 au 30 ni jambo la kawaida, maana imeonekana kwamba tairi pana kidogo, lenye upepo wa kadiri, halirukiruki na halipotezi mwendo. Mashindano ya saiklokrosi, yanayopita kwenye matope na nyasi, yana kikomo: kanuni za kimataifa haziruhusu zaidi ya milimita 33. Wanaokimbia kwenye changarawe, kama wale wa Maasai Mara, wako huru zaidi, na wengi huchagua kati ya 40 na 50.

Sasa itazame Black Mamba, ile baiskeli nzito iliyozaa neno bodaboda pale Busia. Tairi lake ni inchi 28 kwa moja na nusu, yaani karibu milimita 40. Upana ambao mabingwa wa changarawe wameufikia juzi tu, wabeba mizigo wa mpakani wanao tangu enzi za babu zao.

Tairi jembamba likibebeshwa mzigo kwenye barabara ya vumbi, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, nawe unakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukijaza upepo mwingi kuzuia hilo, kila jiwe linapanda hadi mgongoni, na spoku zinaanza kukatika.

Hasara kubwa lakini iko kwenye namba. Matairi mawili yanaweza yote kuandikwa "28" na yasiingiliane. La Black Mamba huandikwa ubavuni 40-635. La baiskeli ya mashindano au ya changarawe linaweza kuwa 40-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa, vyote kwa milimita. Hizo milimita 13 za tofauti hazivutiki kwa nguvu ya mikono wala kwa bisibisi. Anayevuka mpaka na dazeni ya 622 kwa wateja wa Black Mamba amenunua mzigo wa kukaa stoo. (Na asitegemee ule utaratibu rahisi wa forodha wa mizigo isiyozidi dola 2,000: huo ni wa bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya, si matairi ya India au China.)

Kama bado unaitaka baiskeli ya mtumba, pitisha kidole kati ya tairi na fremu, nyuma na kwenye uma wa mbele. Kidole kikikwama, tairi pana halitaingia, na matope ya masika yatalisimamisha gurudumu. Kisha tafuta matundu ya kufungia keria. Za changarawe mara nyingi huwa nayo, za mashindano ya lami kwa kawaida hazina, na keria ya kufungwa kwa waya haifai kubeba kreti la nyanya kwenye mteremko.