Mikoko Si Ukoo Mmoja

Kosa linalorudiwa kuliko yote kuhusu msitu wa mikoko ni kudhani kwamba miti yake ni ukoo mmoja, wazao wa babu mmoja aliyezoea chumvi. Anayedhani hivyo ametazama mizizi akasahau maua. Mizizi hubadilika upesi mazingira yanapobana, lakini mpangilio wa ua na tunda hudumu zaidi, na vinasaba vimethibitisha yale ambayo ua lilikuwa likisema. Kwa ushahidi huo, mlilana wa ukingoni mwa bahari ni ndugu wa mkomamanga na wa mhina unaopamba mikono ya bibi harusi. Kikandaa ni wa ukoo wa mkungu. Msikundazi uko pamoja na mbuyu, pamba na bamia. Na mkomafi, wenye tunda la mviringo linalopasuka na kumwaga mbegu zenye kona, ni jamaa wa mwarobaini! Koo hizi zilishuka matopeni kila moja kivyake, na jamaa zao wengi wamebaki nchi kavu.

Mtu atauliza, mbona basi zinafanana? Zinafanana kwa sababu shida ni moja: tope halina hewa na maji yana chumvi. Ukichunguza, hata hivyo, majibu yanatofautiana. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda yenye vitundu vya hewa, na mizizi hiyo huzuia zaidi ya asilimia 90 ya chumvi. Mchu huchomoza mizizi ya kupumulia kama penseli, huiacha chumvi nyingi zaidi ipite, kisha tezi za majani huitoa nje. Lamba jani lake wakati wa kiangazi utaionja. Hapo ndipo ilipoota hadithi ya “jani la kafara”, eti mti huchagua jani moja, hulirundikia chumvi mpaka linageuka njano na kuanguka. Ni uzushi. Majani ya njano yalipopimwa hayakukutwa na chumvi iliyokolea kuliko mabichi; yanageuka njano kwa uzee. Wala chumvi si chakula cha mkoko. Unaweza kukua katika maji baridi, ila huko huzidiwa na mimea yenye kasi.

Hasara ya kuiona mikoko yote kuwa kitu kimoja hujitokeza siku ya kupanda. Vikundi vingi hupenda mkoko kwa sababu mbegu yake ndefu huota ikiwa bado mtini, ni kuichomeka tu. Wakiichomeka mbele kabisa, mahali pa mlilana, mawimbi huing'oa. Kabla hujapanda, ulizia ni mti gani uliokuwa hapo, kisha panda huohuo.